Kabla ya Kutandika Reli ya Makaa ya Mawe, Tuiulize Rufiji

Kwa zaidi ya muongo mmoja sasa yamekuwapo mazungumzo, bungeni na katika mabaraza ya wafanya tijara, juu ya reli mpya ya kusini: reli ya kilometa zipatazo 1,000 itakayoanzia bandari ya Mtwara na kuishia Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, pamoja na matawi yake ya kwenda Mchuchuma yaliko makaa ya mawe na Liganga kilikolala chuma. Serikali, kwa kutambua kuwa mzigo huo ni mzito kwa hazina ya nchi peke yake, imekuwa ikiwaalika wenye mitaji wa ng'ambo waingie nayo katika ubia; na wenye mitaji, kama ilivyo desturi ya kila mwenye mali anayeitia mali yake katika hatari, huuliza kabla ya yote ni shehena gani itakayowarudishia fedha zao pamoja na faida. Aghalabu jibu wanalopewa huanza na makaa ya mawe, maana Mchuchuma peke yake inakisiwa kuwa na tani milioni 428, na katika miaka michache iliyopita malori yamekuwa yakiyashusha makaa ya Ruvuma mpaka gati la Mtwara kwa mwendo unaozidi kilometa 600.

Huku kwetu Rufiji na Kibiti hakuna machimbo ya makaa ya mawe, wala reli hiyo haikukusudiwa kupita Ikwiriri, Nyamisati au Mohoro. Msomaji, basi, ana haki ya kuuliza sisi wa huku tunaingiaje katika shauri la Ludewa, Mbinga na Mtwara. Tunaingia kama mashahidi. Ni sehemu chache za pwani hii zilizowaona watu wa mbali wakija kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mali aliyoitaka na njia aliyoitaka ya kuitolea, kama ilivyowaona delta ya Rufiji na nchi inayoizunguka. Na shahidi aliyeona hayo hana budi kusema kabla ya hukumu, kwa kuwa ushahidi unaokuja baada ya hukumu haumfai aliyekwisha kudhulumiwa. Neno ninalotaka kulisema ni hili: reli ya kutolea makaa ya mawe ikubaliwe, na mtaji wa mgeni upokewe kwa heshima, lakini kwa sharti moja lisilo na mbadala, kwamba katika reli hiyo makaa yawe mpangaji, yasiwe mwenye nyumba.

Tuanze na mikoko, ambayo katika delta hii imefunika zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake ulioshikamana mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi ya Lamu, ya Unguja, ya Omani na ya Ghuba yalikuja huku kwa upepo wa kaskazi, yakatia nanga katika midomo ya mto, na yakarejea kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti, ambazo ndizo zilizoshika dari za majumba ya Uarabuni, hata upana wa vyumba vya huko ukawa unafuata urefu wa mti uliokatwa Afrika. Ikaja serikali ya Kijerumani, na mwaka 1898 ikautia msitu huo chini ya mamlaka yake, na magome ya mikandaa yakapakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi ya kudabaghia ngozi. Tijara hiyo ilikuwa na dhuluma zake, na si kusudi langu kuzifunika. Walakini ilikuwa na sifa moja ambayo hatuna budi kuikumbuka tunapozungumza habari za reli, nayo ni kwamba njia yake ilikuwa wazi kwa wote. Mto na bahari havikuwa milki ya mnunuzi wa boriti, na mvuvi wa Mbwera au mkulima wa mpunga wa Salale alipita katika maji yaleyale lilimopita jahazi la mgeni, akapeleka alichokuwa nacho kule alikotaka. Mali iliondoka, lakini njia haikuondoka nayo.

Makaa ya mawe yaliingia katika historia ya delta hii wakati wa vita vya 1914, wala hayakuja kwa biashara. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa ikiendeshwa kwa makaa, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikarudi kujificha katika vijito vya Rufiji, kwa sababu mitambo yake iliharibika na makaa yake yalikuwa ya kubahatisha. Vifaa vya mitambo hiyo vilivyoharibika viliburutwa kwa nchi kavu juu ya miti mpaka Dar es Salaam ili vitengenezwe, na vikarudishwa kwa njia ileile, na walioviburuta ni umati wa Waafrika ambao vitabu vya vita hivyo havikuona haja ya kuwataja kwa majina. Waingereza nao wakaizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mlango mmoja wa delta ili kuuziba. Na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia palepale ilipojificha. Watu wa delta, ambao hawakuwa na makaa ya kuchimba wala ya kuchoma, waliuchukua mzigo wa vita hivyo kwa migongo yao.

Zaidi ya miaka 100 baadaye vita vya watu wengine vikayaita tena makaa ya mawe katika pwani ya kusini. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku makaa ya Urusi kuanzia Agosti mwaka huo, wanunuzi walitawanyika duniani kutafuta makaa kwingineko, wakafika mpaka Ruvuma. Na Mtwara, bandari iliyozoea zaidi msimu wa korosho, ikaanza kupokea meli za makaa moja baada ya moja. Katika soko la dunia bei ilipita dola 400 kwa tani mwaka ule, na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa imeshuka chini ya dola 150. Siwalaumu waliofanya biashara hiyo, kwa kuwa walifanya lililo halali, na wapo wengi waliopata riziki kwayo, tangu madereva mpaka mama lishe wa kandokando ya barabara ya Tunduru. Ninachosema ni kwamba bei ya makaa huamuliwa na mambo yaliyo ghaibu kwetu, hasira za mataifa ambayo hayatuulizi rai yanapogombana wala yanapopatana. Na shehena ambayo thamani yake yaweza kupungua zaidi ya nusu kabla mwaka haujatimia haistahili kuwa tegemeo la pekee la kazi iliyokusudiwa kuwatumikia wajukuu wa wajukuu zetu.

Nimesema kwamba njia ya maji ilikuwa wazi. Sasa niseme juu ya njia ya nchi kavu. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa karibu na Ikwiriri mwaka 2003, na kabla yake msafiri wa Lindi na Mtwara alikuwa mateka wa kivuko cha Ndundu na wa mto wenyewe, ambao nyakati za masika haukuwa na huruma kwa mgonjwa wala kwa mchuuzi. Daraja lile ni neema, na asiyeshukuru kwalo hana kumbukumbu ya usiku uliolaliwa ukingoni. Lakini njia ilipofunguka, magogo ya mninga, mkongo na mpangapanga yakaanza kutoka katika misitu ya Rufiji na ya wilaya jirani za kusini kwa kasi isiyopata kuonekana kabla yake. Na ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba katika ngazi ya wilaya mrabaha wa mazao ya misitu uliopotea kwa kutokusanywa ulifikia hata asilimia 96 ya uliostahili, na kwamba China ilikuwa imeandika kupokea kutoka Tanzania mazao ya mbao mara kumi ya yale ambayo Tanzania yenyewe iliandika kuyauza. Vijiji vilivyokuwa na misitu vikabaki na visiki, na daftari za serikali zikabaki na kurasa tupu.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kwamba njia nzuri isiyo na mlinzi mwaminifu huitoa mali ya nchi upesi zaidi kuliko njia mbaya, wala si kosa la njia, bali ni kosa la waliopewa amana ya kuhesabu. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni kwamba magogo yalipopungua daraja halikung'olewa, kwa sababu halikujengwa kwa ajili ya magogo. Limebaki likipitisha mabasi, samaki, ufuta, korosho, wanafunzi, maharusi na wagonjwa, na kila mwaka faida yake inazidi kuwa kubwa kuliko hasara ile ya mwanzo. Lau kama daraja lile lingejengwa na kampuni ya magogo, likamilikiwa na kampuni ya magogo, na hesabu zake zikategemea magogo, nani angelilipia matengenezo yake baada ya mti wa mwisho?

Swali hilo si la kubuni, kwa maana kusini mwetu lilikwisha kuulizwa na kujibiwa. Baada ya vita vya pili vya dunia Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Na kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa reli ya kuziteremsha pwani, kwanza kwenye hori la Lindi na baadaye mpaka Mtwara, ambako pia ilichimbwa bandari ya kina kirefu. Karanga hazikuota kama zilivyoota katika karatasi za London. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 36, na reli ikabaki inasubiri shehena isiyokuja. Ilijaribu kuendelea kwa miaka kadhaa, ikafika hata Masasi, lakini hesabu yake ilikuwa imefungwa tangu siku ya kwanza kwa mali moja iliyokwisha kufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Linalotia uchungu katika kisa hicho ni yale yaliyofuata. Bandari ya Mtwara, ambayo mlango wake ulikuwa wazi kwa shehena yoyote, iliishi. Reli, ambayo ilihesabiwa kwa karanga, ilikufa. Na katika msimu wa 1973/74, muongo mmoja tu baada ya vyuma kung'olewa, nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka katika mikoa hiyohiyo ya kusini ambayo sasa haikuwa na hata behewa moja la kuzichukulia. Shehena iliyohitaji reli ilikuwa imekwisha kupandwa mashambani mwa wakulima wadogo wakati wataalamu walipokuwa wakitia sahihi ya kuifunga, lakini hakuna aliyeihesabu, kwa kuwa macho yote yalikuwa yameelekezwa kwa mali ya mgeni. Anayetaka kuijenga upya reli ya kusini leo na aanze kwa kuiuliza Nachingwea kwa nini ya zamani haipo.

Akimaliza Nachingwea, avuke mto Ruvuma. Katika jimbo la Tete, nchini Msumbiji, kuna makaa ya Moatize, ambayo miaka kumi na mitano iliyopita yalivuta mitaji ya dunia nzima. Kampuni ya Rio Tinto iliingia huko mwaka 2011 kwa kununua mali yenye thamani iliyokaribia dola bilioni 4, ikitumaini kuyateremsha makaa kwa mashua katika mto Zambezi mpaka baharini. Serikali ya Msumbiji ikakataa mto ule na delta yake kutumiwa hivyo, na mwaka 2014 kampuni ikauza mali yake ya makaa kwa dola milioni 50 tu. Kampuni ya Vale ya Brazili ilikuwa na subira zaidi: ilishirikiana na Mitsui ya Japani kuijenga na kuitengeneza njia ya reli ya kilometa 912 inayokata Malawi mpaka bandari ya Nacala, kwa mabilioni ya dola, kisha mwaka 2022 nayo ikaondoka, baada ya kuuza mgodi na sehemu yake katika reli kwa dola milioni 270. Na watu waliohamishwa kupisha mgodi wakapelekwa Cateme, Januari 2012 walikuwa wamekwisha kukaa juu ya reli ya makaa na kuizuia treni, kwa kuwa ahadi walizopewa za ardhi, maji na nyumba hazikutimizwa kama zilivyosemwa, na hawakuwa na baraza jingine lililowasikiliza.

Simtaji jirani yetu kwa kumcheka. Namtaja kwa sababu alitangulia na akalipa ada ya shule ambayo sisi tunaweza kusoma bure. Mwenye mtaji aliyekuja na moyo mkunjufu mwaka 2011 si yeye aliyekuwapo mwaka 2022. Aliuza, na alikuwa na haki ya kuuza. Mlima uliochimbwa haukuuzwa ukaondoka, wala kijiji kilichohamishwa hakikuuzwa kikaondoka. Basi ahadi yoyote iliyotolewa na mtu, ikiwa haikufungwa katika reli yenyewe ili imfuate kila atakayeinunua, huondoka na mtu huyo ndani ya ndege. Hili ni jambo ambalo wanasheria wetu wanalijua kuliko mimi, na ndiyo maana ni fardhi juu yao kulisimamia kabla ya wino kukauka.

Wapo watakaosema kwamba natia hofu mahali pasipostahili, na kwamba reli iliyojengwa na mgeni yaweza kuwa baraka. Nakubali, na mfano ninao. TAZARA, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Beijing mwaka 1967 na ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ni kilometa 1,860 za vyuma vilivyotandikwa hasa kwa ajili ya kuiokoa shaba ya Zambia isipite katika nchi za makaburu. Ilijengwa ipitishe tani milioni mbili kwa mwaka, na haikupata kuzifikia. Kwa kipimo cha shaba peke yake ingehesabiwa kuwa imeshindwa kitambo. Lakini waliotia sahihi waliweka stesheni na treni za abiria, na watu wa bonde la Kilombero, ambalo maji yake ndiyo yanayokuja kuwa Rufiji, wakaipanda treni fupi waliyoiita kipisi na mpunga wao na ndizi zao, wakajenga miji midogo pembeni mwa reli. Tena wakati wa kulijenga bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, vifaa vilisafirishwa kwa reli hiyohiyo mpaka stesheni ya Fuga, jambo ambalo hakuna mhandisi wa 1970 aliyeliwaza. Reli iliyo wazi kwa wote hupata kazi ambazo wajenzi wake hawakuziota. Sasa TAZARA yenyewe imekabidhiwa kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa mkataba wa miaka 30 na ahadi ya dola bilioni 1.4, na shaba imepata tena thamani kubwa duniani. Dua yetu, na wajibu wa wanaoisimamia, ni kwamba treni ya abiria isije ikasukumwa pembeni kupisha mabehewa ya shaba.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito, lazima ijibiwe kwa adabu. Husemwa kwamba makaa ya mawe yana muda mfupi uliobaki, kwa kuwa dunia inayaacha polepole kwa ajili ya madhara yake katika hali ya hewa, na kwamba nchi maskini ina haki ya kuuza kilicho chake kabla soko halijafungwa, kama zilivyouza nchi tajiri kwa miaka 200 bila ya kumwomba mtu ruhusa. Haki hiyo siipingi. Sisi wa delta, tunaoishi usawa wa bahari, tuliona masika ya 2024 yalivyomeza mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na tunajua kwamba wanaoathirika kwanza si wale waliochoma makaa mengi. Lakini sitawaambia ndugu zangu wa Ludewa wabaki na umaskini ili kuilipia hewa iliyochafuliwa na wengine. Nawaambia jambo jingine: ikiwa ni kweli kwamba muda wa makaa ni mfupi, basi hoja hiyo inathibitisha neno langu badala ya kulibatilisha. Deni la reli hulipwa kwa miaka 20 au 30. Nchi itakayokopa kwa miaka 30 kwa kuitegemea shehena ambayo yenyewe inakiri huenda isifike miaka 30 imejiweka rehani kwa hiari yake, na siku mgodi utakapofungwa, atakayedaiwa hatakuwa mchimbaji aliyekwisha kurudi kwao, bali mlipa kodi wa Kibiti ambaye hakupata kuliona hata bonge moja la makaa.

Tena haraka yenyewe si ngeni kwetu. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba wa dola bilioni 3 wa kuchimba makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, mgeni akiwa na hisa asilimia 80 na nchi asilimia 20, na wananchi wakaambiwa wasiendeleze ardhi yao kwa kuwa kazi ilikuwa karibu kuanza. Kazi haikuanza. Masharti yakabishaniwa mwaka baada ya mwaka, na fidia ya waliozuiliwa ardhi yao, zaidi ya shilingi bilioni 15, ilikuja kulipwa na serikali mwaka 2023. Mkataba ulioharakishwa ulikawia kuliko ambavyo mkataba uliotafakariwa ungekawia, na waliochelewa si wakubwa waliosafiri kwenda kuutia sahihi, ni wazee wa vijijini waliokatazwa kupanda hata mti wa matunda.

Delta ilipata kuliona jambo hilo pia, na ilijibu kwa namna yake. Mwaka 1997 serikali iliukubali, kinyume cha ushauri wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba katika mabwawa ya hekta 10,000 ndani ya delta. Mgeni hakuomba kupita. Aliomba mahali penyewe, mikoko, mashamba ya mpunga na mito midogo ambayo ni njia za watu. Wakazi wengi wakakataa, wakaenda Mahakama Kuu wakiwa na mawakili na waandishi wa habari za mazingira pembeni yao, na mradi ule haukujengwa. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani kwa wanadamu wote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame. Watu wale hawakuwa maadui wa maendeleo. Waliudai mtihani ambao serikali ilikuwa na wajibu wa kuufanya kabla yao, na wakaufanya wenyewe kwa gharama yao.

Sasa niyaweke masharti mbele ya wenye kuamua, maana ushahidi usio na maombi hauisaidii mahakama. Mkataba wa reli useme wazi, kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili, kwamba mabehewa ya korosho, ufuta, mahindi, mbolea, saruji na abiria yatapita kwa nauli na zamu za haki, na kwamba hakuna mwenye mgodi atakayekuwa na uwezo wa kuyasimamisha ili makaa yake yatangulie. Mahali pa stesheni pachaguliwe kwa kufuata walipo wakulima, si kwa kufuata machimbo peke yake, na kila stesheni iwe na ghala. Hesabu za kulipia deni zifanywe kwanza kana kwamba makaa hayapo, kisha zifanywe tena yakiwapo. Na ikiwa reli haiwezi kusimama bila ya makaa, basi sehemu ya hatari hiyo ichukuliwe na mwenye makaa kwa dhamana ya fedha, isichukuliwe yote na hazina. Wajibu wote, wa fidia, wa matengenezo na wa kuisafisha ardhi baada ya machimbo, ufungwe katika reli na katika mgodi, umfuate kila mnunuzi wa baadaye. Vumbi la makaa bandarini lizuiliwe kabla ya meli ya kwanza, kwa kuwa mvuvi wa Mtwara ana haki ya bahari safi kama aliyonayo mvuvi wa Mbwera.

Na mkataba wote usomwe hadharani. Sheria za mwaka 2017 za umiliki wa maliasili na za kuyapitia masharti hasi katika mikataba zimelipa Bunge uwezo ambao mabunge ya awali hayakuwa nao, na Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka huohuo, imeiwekea serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika makampuni ya uchimbaji. Hizo ni silaha njema, ila zilitungwa kwa ajili ya madini na maliasili, na reli yenyewe haichimbwi ardhini. Yaweza kutokea, basi, kwamba mgodi ukawa chini ya macho ya Bunge na reli, ambayo ndiyo yenye funguo za faida yote, ikabaki katika karatasi za siri za ubia. Kwani anayeshika nauli ya kutoa makaa ndiye anayeamua ni faida kiasi gani itaonekana mgodini na kiasi gani itahamia kwingine. Bunge litake mikataba yote miwili iwekwe mezani kwa pamoja, na ile ya ardhi ipite katika mikutano mikuu ya vijiji kama inavyotaka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa kikao cha kweli na si kwa sahihi zilizokusanywa njiani.

Najua kwamba wako wenye mitaji watakaoyasikia masharti haya wakaondoka. Waondoke kwa salama. Makaa ya Mchuchuma hayaozi, na hasara ya kuyachelewesha miaka michache ni ndogo kuliko hasara ya kujifunga miaka 30 kwa mkataba mbovu; hata soko lake likija kufungwa kabla hatujauza, tutakuwa tumekosa faida, lakini hatutakuwa tumeingia deni, na mwenye akili anaijua tofauti ya mambo hayo mawili. Mwenye mtaji atakayebaki baada ya kuyasoma masharti hayo ndiye mshirika tuliyekuwa tukimtafuta, kwa kuwa amekubali kupata faida yake pamoja nasi. Huyo apewe mkono, apewe ulinzi wa sheria, alipwe haki yake kwa wakati, na reli ijengwe hima. Wabunge wa Pwani, Lindi, Mtwara, Ruvuma na Njombe ndio wenye dhamana ya kumpima, nao wampime kabla ya sahihi, kwa swali moja ambalo mkulima yeyote wa Tunduru anaweza kulielewa: siku makaa yatakapokwisha, treni itaendelea kuja?